Alhamisi Hii Lori Halitakuja

Jumamosi, 16 Novemba

Nimerudi Njombe nikiwa na matope hadi magotini. Mvua imeanza kwa nguvu huko Lupembe. Wiki nzima nimezunguka vijiji vya wanachama wetu kuwafundisha jambo moja tu: msiamini simu ya mtu. Msimu uliopita madalali waliwapigia wakulima wakijifanya ni ofisi, wakasema lori haliji kuchukua chai, halafu jioni wakapita wenyewe na pikapu kununua jani bichi kwa bei ya kutupa. Mkulima angefanya nini? Jani likilala, limekwisha.

Sasa Chama chetu cha ushirika kina mfumo. Tangazo likichapishwa kwenye tovuti yetu, papo hapo linaingia kwenye simu za wanachama wote, likiwa na jina la Chama juu. Hilo ndilo la kuaminiwa, basi. Kijijini kwa mama nilisema, "Hata mimi Dorika nikiwapigia kwa namba yangu, msiniamini." Mama yangu, Esnath, alikuwa mbele kabisa. Akasimama mbele ya watu wote.

"Hata mtoto wangu wa kumzaa mwenyewe nisimwamini?"

"Hasa huyo, mama."

Banda la kupimia chai likalipuka kwa kicheko. Mama akaketi huku akirekebisha kitenge chake, na nilimwona alivyojivuna. Nami nilijivuna, nisidanganye.

Jumatano, 20 Novemba

Ukungu. Chai ya maziwa mara tatu kabla ya saa sita.

Jumatatu, 25 Novemba

Leo nimempeleka Mzee Amon, karani wetu wa ghala la Makambako, kwenye kundi la Wachapishaji, ili aweze kutoa matangazo ya ghala bila kunisumbua. Mfumo una makundi matatu ya wafanyakazi. Waandishi wanaandika rasimu tu. Wachapishaji wanaitoa ikaenda kwa watu. Wasimamizi wanaamua nani aingie kundi gani na nani atoke. Msimamizi ni mimi. Mzee Amon alipoona kitufe kipya kimetokea kwenye skrini yake alicheka kama amepewa ng'ombe.

Jumapili, 8 Desemba

Balaa. Jana ilikuwa send-off ya Rejoice, binti wa Mzee Amon, kule Kitandililo. Mwaliko aliutoa kupitia mfumo. Alikusudia wafanyakazi wa ofisi, akachagua "Wanachama wa Chai". Wote.

Watu wa Lupembe ni watu wa adabu. Chama kikikualika kwa jina lake, unakwenda. Walikuja na Fuso mbili, wameimba njia nzima, wamebeba kuku, mikungu ya ndizi na mbuzi mmoja aliyekuwa hana hakika kaletwa kufanya nini. Mzee Amon alisimama mlangoni akiwa amevaa suti, anawapokea mmoja mmoja, "karibuni, karibuni sana," jasho linamtoka. Wali uliisha kabla bibi harusi hajaingia ukumbini. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, nikanyamaza nilipomwona meneja wetu, Bwana Hezekia Sanga, amesimama kwenye kona na sahani tupu mkononi.

Jumanne, 10 Desemba

Bwana Sanga aliniita asubuhi kabla sijavua koti.

"Dada Dorika, kuanzia leo mtu mmoja tu ndiye anachapisha."

"Nani, Bosi?"

"Mimi."

"Na msimamizi?"

"Mimi pia. Nyie wengine wote muwe Waandishi."

Nilimweleza polepole kwamba mfumo wenye msimamizi mmoja ni hatari, siku akiumwa au akisafiri hakuna wa kufungua mlango. Akasema yeye haumwi, na simu yake anasafiri nayo. Akasema pia kwamba jina la Chama si la send-off.

Basi nikafanya. Nikamtoa Mzee Amon, nikawatoa wengine, nikamwingiza Bosi. Wa mwisho nilikuwa mimi. Mfumo ukaniuliza, kama unavyomuuliza kila mtu: "Una uhakika unataka kumwondoa mwanachama huyu kwenye kundi?" Nikabonyeza Ndiyo. Vitufe vyangu vikatoweka vyote isipokuwa kile cha kuhifadhi rasimu. Nilijiona kama mtu aliyefunga mlango wa nyumba akaacha funguo juu ya meza ndani.

Jumamosi, 21 Desemba

Rasimu mbili zinasubiri idhini. Bosi yuko kikaoni.

Jumatano, 8 Januari

Mvua mfululizo. Jani linakua hadi unaliona. Bosi amerudisha tangazo langu la mbolea kwa sababu ya nukta. Nukta!

Alhamisi, 23 Januari

Rasimu ya ratiba ya lori imekaa siku nzima. Nilipokwenda kumkumbusha, Bosi alitoa simu mfukoni, akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akabonyeza. "Umeona? Haraka ya nini?" Mungu anisamehe maneno niliyoyasema korido. Huyu baba anapenda kushika kitu ili tu kionekane kimeshikwa.

Jumapili, 2 Februari

Nilikuwa kwa mama. Chai yake imechanua, imejaa hadi njiani. Mgowe wake utakuwa Alhamisi ya tarehe 13. Huko kwetu majirani wote huja kuchuma shamba la mmoja kwa siku moja, na wiki inayofuata wanahamia la mwingine. Wenzake huwapikia watu pombe, lakini mama tangu baba afariki anapika togwa, na kila mwaka wanamlalamikia na kila mwaka wanaimaliza. Ile chai aliipanda baba. Mama anaiita "watoto wa mzee".

Jumatatu, 10 Februari

Msiba kwa Bwana Sanga. Kaka yake mkubwa amefariki kule Matamba. Ameondoka alfajiri, macho mekundu, hata koti alilisahau kwenye kiti. Nilitaka kumwambia aniachie nafasi kwenye kundi la Wachapishaji, siku hizi chache tu. Lakini unamwambiaje hivyo mtu anayekwenda kuzika? Nikasema, "Pole sana, Bosi. Safari njema."

Jumanne, 11 Februari

Mvua imepiga usiku kucha. Asubuhi dereva wa lori akanipigia: kalavati la barabara ya Lupembe limechukuliwa na maji, hata pikipiki inabebwa mabegani. Hawawezi kulitengeneza kabla ya Ijumaa. Alhamisi lori haliendi.

Nikaandika mbiombio: "Alhamisi hii lori halitakuja. Msichume." Nikahifadhi. Maandishi ya njano yakatokea pale pale: Inasubiri idhini. Nikampigia Bosi. Haipatikani. Nikapiga tena. Nikaandika ujumbe. Nikampigia mke wake, naye haipatikani. Matamba mvua ikinyesha hivi, mtandao unakufa.

Nikampigia Joackim, yule fundi wa Makambako aliyetutengenezea mfumo.

"Kaka Joackim, niingize Wachapishaji, kwa dakika moja tu."

"Dada, siwezi. Anayeingiza ni msimamizi. Nyie mna msimamizi mmoja."

"Wewe si ndiye uliyeutengeneza?"

"Niliutengeneza, nikawakabidhi. Mliniambia nisibaki na funguo. Barua ninayo hapa, umeandika wewe."

Kweli, niliandika mimi. Mwaka juzi nilikuwa na akili nyingi sana.

Jumatano, 12 Februari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilimpigia karani wa banda la kijijini. Akasema amewaambia watu, na kila mmoja anamwonyesha simu yake: ujumbe uko wapi? Wengine wamemuuliza dalali gani kamtuma. Basi nikampigia mama.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Mbona mapema hivi, kwema huko?"

"Kwema. Mama, kesho msichume. Lori haliji, kalavati limekatika."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anatwanga.

"Ujumbe haujaja."

"Haujaja kwa sababu Bosi yuko msibani. Mimi ndiye ninayekwambia."

"Ulisema hata wewe."

"Mama, si unaisikia sauti yangu?"

"Naisikia. Na wale wa mwaka jana walikuwa na sauti nzuri tu."

Nikamwomba. Nilimwomba kweli, nikiwa nimesimama katikati ya ofisi na watu wananitazama. Mama hakupandisha sauti. Akasema, "Dorika, sikiliza. Mimi najua ni wewe. Lakini nikipita kwa watu kuwaambia wasije kwa sababu mwanangu kanipigia, watasema Esnath ana njia yake ya siri ofisini. Nilisimama mbele yao wote siku ile, unakumbuka? Togwa imeshaiva. Lete ujumbe. Ujumbe ukiingia hata usiku, naahirisha."

Lete ujumbe. Ujumbe nilikuwa nautazama mbele yangu. Maneno matano tu, na kinjano chake pembeni.

Hapo nikafanya ujinga. Nilifungua ukurasa wa kuingilia, nikaandika jina la Bwana Sanga, nikaanza kubahatisha paswedi yake. Jina la mtoto wake wa kwanza. Matamba. Matamba na mwaka. Jina la mke wake. Nilikuwa najua kabisa kwamba ninaiba, lakini niliendelea. Mara mfumo ukaniandikia kwamba akaunti hii imefungwa hadi kesho kwa sababu za usalama.

Saa tisa hivi alasiri ikaingia namba nisiyoijua.

"Dada Dorika? Ni mimi, Sanga. Nimeazima simu ya kijana mmoja." Upepo ulikuwa unavuma hadi maneno yanakatika. "Nimepanda mlima huku juu ya makaburi, ndipo mtandao unashika. Tumemzika mchana. Nikasikia watu wanasema barabara za kwenu zimekatika, nikasema ngoja nitazame mfumo, labda una tangazo. Unanikataa. Unasema nimekosea paswedi mara nyingi. Mimi sijaigusa. Nani ameigusa?"

Ningeweza kusema sijui.

"Ni mimi, Bosi."

Nilingoja anifokee. Ningeshukuru kama angenifokea.

"Basi," akasema. "Basi, dada yangu. Nitapanda tena." Simu ikakatika.

Alitoka kumzika kaka yake akapanda mlima kutafuta mtandao kwa ajili ya tangazo langu, na mimi nilikuwa nimeshaufunga mlango. Na miezi miwili yote hii nimekuwa nikimwita majina korido.

Alhamisi, 13 Februari

Jua kali, anga safi. Siku nzuri ya kuchuma.

Ijumaa, 14 Februari

Karani wa banda amenieleza. Walichuma shamba lote la mama kabla ya saa nane, wakiimba. Wakabeba hadi bandani, wakakaa. Kila mlio wa gari wanasimama. Jioni jani likaanza kupata moto ndani ya magunia, wakalimwaga chini na kuligeuza kwa mikono ili lipoe, watu wazima wamepiga magoti wanageuza. Leo asubuhi lilikuwa jekundu lote. Wamelimwaga bondeni.

Mama hajanipigia. Nami sijampigia.

Jumamosi, 15 Februari

Nilikuwa sokoni nachagua viazi. Simu ikatetemeka. Na mimi ni mwanachama, ninapata ujumbe kama wote. Jina la Chama juu, na chini yake: "Alhamisi hii lori halitakuja. Msichume."

Nilikaa chini juu ya gunia la mwenye viazi, akaniuliza kama naumwa.

Ni Bwana Sanga. Kapanda mlima tena, akaunti yake imefunguka, akaikuta rasimu yangu, akaiidhinisha. Kwa moyo mweupe kabisa. Mimi ndiye niliyeandika "Alhamisi hii" bila tarehe. Yeye anayesahihisha nukta, siku moja tu hakusahihisha.

Kalavati limetengenezwa jana. Alhamisi hii lori linakuja.

Nilikimbia ofisini. Siwezi kuufuta. Siwezi kuuondoa hata kwenye tovuti. Nimeandika mwingine: "Puuzeni ujumbe wa leo. Alhamisi tarehe 20 lori linakuja." Kinjano. Inasubiri idhini. Nimempigia Bosi, yule kijana mwenye simu, mke wake. Hawapatikani, hawapatikani, hawapatikani.

Jumapili, 16 Februari

Nimekwenda mwenyewe kwa pikipiki. Baada ya ibada mzee wa kanisa akanipa nafasi kwenye matangazo. Nikasimama pale nje, koti limelowa, nikawaeleza kila kitu. Kwamba ujumbe wa jana ulikuwa wa wiki iliyopita. Kwamba lori linakuja. Kwamba wachume.

Walinisikiliza kwa heshima, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mzee Obed, jirani yetu ambaye mgowe wake ndio unaofuata, akavua kofia.

"Dada Dorika, sisi hatukuiti mwongo. Juzi ulisema tusichume, ujumbe ukanyamaza, tukachuma, tukamwaga. Leo ujumbe unasema tusichume, wewe unasema tuchume. Sasa tushike lipi?"

"Shikeni langu, baba. La juzi si lilikuwa kweli?"

"Lilikuwa kweli. Lakini jani likibaki mtini bado ni jani. Nikilichuma nikakosea, ni lile lililoko bondeni. Umelinusa lakini? Pita bondeni ulinuse."

Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa kwenye benchi na wanawake wenzake, anatazama viatu vyake. Ni mikono yao iliyochuma chai yake bure, na sasa zamu yao imefika hawajui wafanye nini, na mtu wa kuulizwa ni binti yake.

Nyumbani alinipa ugali na maharage. Akasema, "Mimi nakuamini. Lakini kwangu hakuna kilichobaki cha kuchuma."

Alhamisi, 20 Februari

Lori limekwenda, limerudi tupu. Dereva anasema alipiga honi kila kona, watu wakatoka milangoni kutazama.

Jumatatu, 24 Februari

Bwana Sanga amerudi. Amenyoa kichwa, amekonda, koti alilolisahau linampwaya. Rasimu yangu ya "Puuzeni" alikuwa ameikuta jana akiwa njiani, akaifuta mwenyewe kwa sababu haikuwa na kazi tena.

Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Bodi ilimwita, akakaa nao muda mrefu. Alipotoka akaja mezani kwangu, akabaki amesimama.

"Nimewaambia kosa ni la utaratibu wangu. Habari ya paswedi sikuisema."

"Bosi, ungeisema tu."

"Ningeisema ingesaidia nini? Jani lingerudi mtini?" Akatoa simu, akavaa miwani. "Nakurudisha Wasimamizi. Na Amon namrudisha Wachapishaji. Niambie nibonyeze wapi."

Nikamwonyesha. Vitufe vyangu vikarudi vyote, vimepangana pale juu. Nilivitazama nikakosa hata kimoja cha kubonyeza. Huyu mtu nilikosea nilivyomwona. Alikuwa mkaidi, na bado ni mkaidi, lakini mimi nisingepanda ule mlima.

Jumamosi, 1 Machi

Mama amekuja Njombe bila kuniambia. Nimemkuta ameketi kwenye benchi la ofisi, kitenge cha kanisani, kikapu cha maparachichi miguuni. Jumamosi hatuna watu, tulikuwa wawili tu.

"Nimekuja unitoe," akasema.

"Nikutoe wapi, mama?"

"Kwenye hiyo simu. Kwenye kundi."

Nilimweleza kwamba mambo yametengenezwa, wachapishaji sasa ni watatu, kila tangazo litakuwa na tarehe, haitatokea tena. Alinisikiliza hadi mwisho, kama walivyonisikiliza wote.

"Juzi simu imelia, ni ujumbe wa mbolea tu. Kabla sijausoma wamefika watu wanne mlangoni. Mama Dorika, huu ni wa kweli? Mama Dorika, mwanao anasemaje? Mimi nitajua nini? Waliochuma kwangu walichuma bure, na waliobaki nyumbani wamekosa lori, na wote wanapita kwangu kunisalimia vizuri. Wanipe hata tusi. Sitaki tena kuulizwa."

"Ukitoka kwenye kundi, umetoka Chama. Lori halitapima jani lako."

"Najua."

"Na watoto wa mzee?"

Hapo midomo yake ikacheza kidogo. "Obed atalima viazi upande wa chini. Upande wa juu nitaiacha iwe kichaka. Baba yako mwenyewe alisema chai haifi, inakungoja tu."

Nililia. Nilimwambia mama, nakuomba, subiri hata msimu uishe. Akanifuta uso kwa pembe ya kitenge, kisha akasogeza kiti chake kando ya changu, mbele ya kompyuta. Nikafungua Wanachama wa Chai. Nikalitafuta jina lake, nikaliona. Haki zote ninazo sasa. Hakuna wa kumsubiri, hakuna wa kumpigia. Nikabonyeza palipoandikwa Ondoa, na mfumo ukauliza.

Mama akainama karibu na skrini, akikaza macho. "Imeandika nini?"

"Inauliza kama nina uhakika."

"Na wewe unao?"

"Sina, mama."

"Basi isogeze hapa." Akauchukua mkono wangu, akauweka pembeni. Nikamwonyesha pa kugusa. Akanyoosha kidole chake, kile chenye weusi wa chai usiotoka kwa sabuni yoyote, akabonyeza Ndiyo mwenyewe.